Amana ya Gizani

Waumini wanajua maana ya wadhamini. Katika makanisa mengi, kiwanja si mali ya mchungaji wala ya askofu. Kimeandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, nao hukishika kwa faida ya waumini wote. Twawajua kwa majina, na twaweza kuwadai hesabu.

Iko amana ya namna nyingine. Tajiri hukabidhi fedha zake kwa wadhamini walioko Jersey, kisiwa kilicho karibu na Ufaransa, au Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Tangu siku hiyo, kisheria, mali si yake. Mtoza kodi akibisha hodi, mwenyewe hana kitu. Mahakama ikitaka kuitwaa, haipati jina la kushika. Lakini faida humrudia yeye au wanawe, na visiwa hivyo havitozi kodi mapato ya mgeni yaliyochumwa kwingineko.

Hatusemi kila amana ya ng'ambo ni wizi. Sheria yairuhusu, na mapato yake yakitangazwa kama ipasavyo, hakuna hatia. Tunachokataa ni giza. Mwaka wa 2016 mahakama ya Jersey iliitia hatiani kampuni ya Windward Trading kwa kusafisha fedha za hongo zilizomfikia aliyekuwa mkuu wa kampuni ya umeme ya Kenya. Zaidi ya pauni milioni 3 zilitwaliwa, na mkataba wa kuzirejesha ukatiwa sahihi mwaka wa 2022. Oktoba 2021, nyaraka za Pandora zilihusisha jamaa ya rais wa wakati huo na kampuni na wakfu za ng'ambo. Hazikuthibitisha wizi, zilithibitisha kwamba mwananchi hakuwa na njia ya kujua.

Mama muuza mboga hana kisiwa. Anunuapo sabuni hulipa kodi ya asilimia 16 papo hapo. Pengo linaloachwa na mali iliyofichwa hujazwa na yeye.

Kwa hiyo twadai mambo mawili. Daftari la wenye faida halisi wa makampuni, lililoanzishwa mwaka wa 2020, lisomwe na kila mwananchi. Pili, kila mgombea wa cheo atangaze hadharani amana zote zinazomfaidi yeye na jamaa yake, popote zilipo.

Kanisani hesabu ya sadaka husomwa mbele ya watu. Na isomwe vivyo hivyo Ikulu na Bungeni.