Hawajafa, Wamelala

BWANA SHAMBA ANASEMA



Wakati wa kiangazi madimbwi hukauka. Vyura hawalii tena. Konokono hawaonekani. Watoto huuliza, "Wamekwenda wapi?" Mara nyingi sisi wazazi hujibu, "Wamekufa." Jibu hilo si sahihi. Wengi wao wamelala, wanangoja mvua.

Mfano mzuri ni kamongo anayeishi katika mabwawa yanayokauka. Maji yakipungua, kamongo hujichimbia shimo katika tope. Hujikunja humo na kutoa ute. Ute huo hukauka, ukawa kama mfuko wa kumfunika. Huacha tundu dogo karibu na mdomo, kwa sababu samaki huyu ana mapafu na hupumua hewa. Hali wala hanywi. Moyo wake hupiga polepole. Mwili wake hujilisha kwa nyama yake wenyewe. Wataalamu wameona kwamba anaweza kuishi hivyo zaidi ya miaka 3.

Konokono naye huziba mlango wa nyumba yake kwa ute unaokauka. Vyura wengine hujificha ardhini. Huko Ulaya, kalunguyeye hulala wakati wa baridi kali, maana wadudu anaowala huadimika. Kwetu, wanyama wengi hulala kwa sababu ya ukame.

Wafundisheni watoto jambo hili kwa mchezo.

1. Kila mtoto apewe kokoto 5. Hizo ni akiba ya mwili wake.

2. Mama au mwalimu aseme, "Jua kali!" Watoto wajikunje chini, wapumue polepole. Wakifunikwa kanga, nyuso zibaki wazi, kama tundu la kamongo.

3. Mwalimu apite akichukua kokoto 1 kwa kila mtoto. Afanye hivyo mara 4.

4. Mtoto mmoja awe mchimbaji. Awaguse wenzake wawili tu. Aliyeguswa ainuke, akimbie hadi kwenye mti na kurudi. Kwa usumbufu huo atoe pia kokoto iliyobaki.

5. Mwishoni mwalimu aseme, "Mvua!" Mwenye kokoto aruke kwa furaha. Asiye nayo abaki chini.

Walioachwa walale watabaki na kokoto 1. Walioguswa hawatabaki na kitu. Hapo waulizeni watoto: "Kwa nini huyu hakuamka?" Watajibu wenyewe: alisumbuliwa, akiba yake ikaisha kabla ya mvua.

Faida yake ni kubwa. Watoto hupenda kuchimbua vyura na kuwachoma vijiti. Chura aliyechimbuliwa kiangazi hupoteza maji na nguvu, na huweza kufa. Lakini chura hula wadudu wengi, pamoja na wale wanaoharibu mazao. Tukimwua sasa, masika hatakuwapo shambani kutusaidia.

Basi mtoto akichimbua chura aliyelala, mwambieni amrudishe mahali pake, amfukie kwa udongo mwepesi, kisha anawe mikono.