Si blanketi, mama

Mama mmoja ameniletea swali zito. Mwanawe wa miaka mitatu amegundulika kuwa na nyuroblastoma, saratani ya seli changa za neva, ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo. Kisha akasikia kwamba saratani hiyo huzidi ukali seli zinapokosa oksijeni. Tangu hapo hapati usingizi. Je, ni yale mablanketi aliyomfunika gubigubi siku za baridi? Au ni moshi wa jiko la mkaa?

La, dada yangu. Moshi wa mkaa una madhara yake mengine, na jiko lisiwekwe chumba cha kulala, lakini silo lililoleta maradhi haya. Upungufu unaozungumzwa hautoki chumbani wala mapafuni mwa mtoto. Umo ndani ya uvimbe wenyewe. Uvimbe hukua upesi kuliko mishipa ya damu inayoulisha, hivyo seli za katikati hubaki na oksijeni haba ilhali mtoto anapumua vizuri.

Seli za mwili zina namna ya kuukabili upungufu huo. Hutengeneza protini iitwayo HIF. Oksijeni ikiwapo ya kutosha, protini hiyo huharibiwa upesi. Ikipungua, hudumu, ikaingia kwenye kiini cha seli na kuziamsha jeni nyingi, zikiwamo za kuotesha mishipa mipya ya damu na za kutumia sukari kwa njia isiyohitaji oksijeni. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuifumbua siri hiyo. Ni kinga njema kwa mwili mzima, ila uvimbe nao huitumia kwa manufaa yake.

Kwa nyuroblastoma kuna la ziada. Asili ya seli zake ni zile ambazo, mtoto akiwa tumboni, zilipaswa kukomaa ziwe neva, zikakwama njiani. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walionyesha kwamba seli hizo zikikuzwa maabara penye oksijeni kidogo, hupoteza hata zile dalili chache za ukomavu, zikarudia uchanga. Na katika maradhi haya uchanga ndio ukaidi. Ndiyo maana jeni hizo zinachunguzwa, zisaidie kutambua uvimbe upi utakuwa mkali, kwani kwa baadhi ya watoto wachanga uvimbe huu hunywea wenyewe bila dawa.

Hayo yote hutokea pasipo mkono wa mzazi. Linalotuhusu sisi ni kutochelewa tuonapo tumbo limevimba na kuwa gumu, mtoto akipauka, akichechemea au kulalamikia mifupa, ama akitokwa na weusi kuzunguka macho bila kuanguka. Hospitalini hupimwa pia mkojo, kwa kuwa seli hizi huacha humo mabaki ya kemikali zake.

Mama huyu alimpeleka mwanawe wiki ile ile alipoligusa tumbo akalikuta gumu. Hakuchelewa.