Soko la Serikali Nalo ni Soko

Kila ifikapo tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha wa Serikali ya Rwanda huanza, na Wilaya ya Rusizi, kama zilivyo wilaya zote 30 za nchi, hujiandaa kununua. Hununua madawati na karatasi. Hununua ujenzi wa madarasa, matengenezo ya barabara za vijijini na usafi wa ofisi zake. Fedha zinazolipia hayo yote ni za wananchi. Kwa hiyo ni haki kuuliza: je, mfanyabiashara wa Kamembe, seremala wa Gihundwe na mjenzi wa Bugarama wanapata fungu gani katika ununuzi huo?

Wapo wanaojibu upesi kwamba zabuni zina wenyewe, na kwamba mshindi hujulikana kabla ya tangazo kutoka. Sisi hatudai kwamba rushwa imekwisha duniani. Anayeiona na aipeleke kwa wenye mamlaka ya kuichunguza. Lakini maneno hayo yamekuwa mto wa kulalia. Wengi wanaoyasema hawajapata kuwasilisha zabuni hata moja, na asiyeingia uwanjani hawezi kulalamika kwamba amefungwa.

Kinyarwanda kina hekima katika jambo hili. Zabuni za umma huitwa "amasoko ya Leta", yaani masoko ya Serikali. Basi na tulitazame kama soko: lina siku zake, lina vipimo vyake, na anayefika jioni hukuta meza tupu.

Umuhimu wa soko hili kwa Rusizi ni mkubwa kuliko kwa wilaya nyingine nyingi. Riziki ya hapa imezoea kuvuka mto kwenda Bukavu, au kushuka Bugarama na kupita Ruhwa kuelekea Burundi. Biashara hiyo ni njema, lakini ufunguo wake hauko mikononi mwa mfanyabiashara. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Siku kama hizo, aliyekuwa na mteja mmoja tu ng'ambo hubaki na mali ghalani. Wilaya haifungwi. Shule zake huhitaji madawati, mpaka uwe wazi au usiwe wazi.

Zamani mzabuni alibeba bahasha iliyofungwa mpaka kwenye ofisi inayonunua, na kama ofisi hiyo ilikuwa Kigali, ilimbidi avuke msitu wa Nyungwe na kupoteza siku nzima njiani. Mwaka 2016 Serikali ilianza kutumia mtambo wa zabuni kwa njia ya intaneti unaoitwa Umucyo, maana yake mwanga. Sasa tangazo husomwa, zabuni huwasilishwa na matokeo hutolewa humo humo. Lakini mwanga huu huangaza pande zote mbili. Mtu wa Kamembe aweza kuomba zabuni ya Kigali bila kupanda basi, na kampuni ya Kigali nayo yaweza kuomba zabuni ya Rusizi bila kuondoka mezani pake. Umbali uliokuwa ukimlinda mwenyeji umekwisha. Kinga iliyobaki ni maandalizi.

Maandalizi hayo hayaanzi siku ya tangazo. Sheria huzitaka taasisi za umma kutangaza mpango wa ununuzi wa mwaka, na mwenye kuusoma mapema hujua kazi gani inakuja na katika miezi gani. Wakati huo ndio wa kuhakikisha kwamba kampuni imeandikishwa katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, kwamba leseni ya biashara ni hai, na kwamba imejiandikisha katika Umucyo. Wakati huo ndio wa kulipa kodi na michango ya hifadhi ya jamii, ili hati za kutodaiwa zipatikane bila shida. Anayekumbuka madeni yake siku ya mwisho hana wa kumlaumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Baada ya hapo, nyaraka za zabuni zisomwe mpaka ukurasa wa mwisho. Karatasi moja inayokosekana yaweza kuitupa nje zabuni yenye bei nzuri. Bei nayo ipigiwe hesabu ya kweli: vifaa, usafiri, vibarua, kodi, na gharama ya kungoja malipo. Kushinda kwa bei isiyotosha ni kushinda hasara, na mkandarasi anayeikimbia kazi aweza kuwekwa katika orodha ya waliozuiwa kushiriki zabuni, ambayo hutangazwa na Mamlaka ya Ununuzi wa Umma.

Wengine watasema kwamba wanadaiwa hati za kazi walizokwisha kufanya, nao ndio kwanza wanaanza. Kikwazo hicho ni cha kweli, lakini kina njia. Waanze na manunuzi madogo. Wachukue sehemu ya kazi chini ya mkandarasi mkubwa. Au waungane wawili watatu na kuomba kwa ubia. Kila kazi ikamilishwe vizuri na hati yake idaiwe na kutunzwa, kwa maana hati ya leo ndiyo mtaji wa kesho. Na aliyeshindwa asinung'unike barazani: aulize sababu, na akiona ameonewa akate rufaa ndani ya muda wa sheria.

Wilaya nayo ina wajibu wake. Kazi inayoweza kugawanywa katika mafungu itangazwe kwa mafungu, kwa uwazi, ili na mdogo apate la kuliweza. Lakini isikatwe vipande kwa hila ya kukwepa ushindani, jambo ambalo ni kosa. Watumishi wawaite wafanyabiashara kila mwanzo wa mwaka wa fedha na kuwaeleza mpango wa ununuzi kwa lugha wanayoielewa. Zaidi ya yote, ankara zilipwe kwa wakati. Kampuni kubwa yaweza kungoja miezi. Fundi aliyekopa benki kununua mbao hawezi. Malipo yakichelewa, watakaobaki kuomba zabuni ni matajiri tu, na bei wanayoitaka italipwa na wananchi.

Majirani zetu wamejaribu njia ya kutenga fungu. Kenya ilianza mwaka 2013 kuwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za Serikali, na Tanzania nayo ina utaratibu wa asilimia 30 kwa makundi maalumu. Ni mifano inayostahili kutazamwa. Hata hivyo, fungu lililotengwa halimfai asiye na hati mkononi wala asiyejua kupiga hesabu ya bei.

Tunarudia kusema kwamba lango liko wazi. Wafanyabiashara wa Rusizi na waingie wakiwa wamejiandaa, na Wilaya iwalipe kwa wakati wakiisha kufanya kazi. Hapo ndipo kodi ya Rusizi itakapojenga Rusizi mara mbili: mara ya kwanza kwa darasa lililosimama, na mara ya pili kwa ujira wa aliyelijenga.