Fulana tumevaa, hesabu iko wapi?

Makala nzuri kuhusu utepe wa waridi wa saratani ya matiti, ila mwandishi umeruka asili yake. Kabla ya kuwa wa waridi ulikuwa wa rangi ya pichi. Charlotte Haley, mama mmoja wa California, aliutengeneza nyumbani kwake na kuugawa pamoja na kadi iliyodai fungu kubwa zaidi la bajeti ya saratani ya Marekani liende kwenye kinga. Mwaka 1992 jarida la Self na kampuni ya Estée Lauder walipomwomba wautumie utepe wake, aliwakatalia. Aliona ni biashara. Wakabadilisha rangi, ndio huu tunaoubandika kifuani.

Sisemi hisani haina faida. Dawa ya saratani ya matiti ya Herceptin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilitokana na utafiti wa Dk. Dennis Slamon, ambao kampuni ya vipodozi ya Revlon iliuchangia mamilioni ya dola. Huo mchango umeokoa watu.

Shida yangu ni hizi Oktoba zetu za kampeni ya saratani ya matiti: matembezi, picha, maji ya chupa, kwaherini. Shangazi yangu aliacha fulana mbili za matembezi hayo. Uvimbe aliujua mapema; nauli na pesa ya kipimo ndizo hakuwa nazo. Alipofika hospitali ulishasambaa.

Kwa hiyo nileteeni kadi ya mchango, nitatoa. Ila nitauliza: shilingi ngapi ni za vipimo na utafiti, na ngapi ni za fulana?