Miaka 47 katika chuo kimoja

NJE YA UWANJA
Na Salma Mwinyikondo

Clarence Gaines alikuwa amejipangia kuwa daktari wa meno. Mwaka 1945 alihitimu shahada ya kemia katika chuo cha Morgan State, Baltimore, na mwalimu wake wa michezo hapo, Eddie Hurt, akamshauri aende Winston-Salem, jimbo la North Carolina, akasaidie kufundisha timu za chuo kimoja kidogo cha ualimu kabla ya kurudi darasani. Akaenda, na mwaka 1946 akawa kocha mkuu. Alipostaafu, mwaka ulikuwa 1993 na chuo kilikuwa kile kile.

Wapenzi wa mpira wa kikapu wakimtaja husema 828, idadi ya michezo aliyoshinda. Siku anaondoka, katika historia yote ya vyuo vya Marekani alikuwa mbele yake mtu mmoja tu, Adolph Rupp wa Kentucky, mwenye 876. Ni namba kubwa na sina nia ya kuipunguza. Ila nimekuwa nikiamini kwa muda mrefu kwamba imemfunika mwenyewe. Watu wanamkumbuka kocha na kumsahau mkurugenzi wa michezo, wakati ukurugenzi ndio uliomwezesha kuwafanyia vijana wake yale ambayo kocha wa kawaida hana mamlaka ya kuyafanya.

Tuanze na chuo chenyewe. Kilianzishwa mwaka 1892 kwa ajili ya watu weusi, na tangu 1925 kazi yake ilikuwa kuandaa walimu wa shule za msingi. Wanafunzi wengi walikuwa wanawake. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha ndipo vijana wa kiume walipoanza kurejea kwa wingi kutoka jeshini, wakilipiwa ada na serikali, na chuo kikahitaji mtu wa kuwashika. Kocha aliyemkuta pale akahamia chuo kingine baada ya muda mfupi, na Gaines, kijana wa miaka ishirini na michache, akaachiwa kila kitu: mkurugenzi wa michezo, kocha wa mpira wa kikapu, kocha wa futiboli ya Kimarekani, mwenye kuwafunga bendeji walioumia, mwenye kusimamia tiketi mlangoni. Na bado alikuwa na vipindi vya kufundisha. Mwaka 1950 alipata shahada ya uzamili ya elimu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Huyu alikuwa mwalimu hasa, na wachezaji wake walikuwa wanafunzi wa ualimu.

Ratiba ya michezo leo hupangwa kwa simu na kompyuta, ikaisha. Kwa Gaines ilikuwa suala la usalama wa watoto wa watu. Kusini mwa Marekani wakati ule hoteli za wazungu hazikumpokea mtu mweusi, wala mgahawa haukumpa meza. Timu ilisafiri usiku, ikala na kulala kwenye mabweni ya chuo kingine cha weusi ilikokwenda kucheza. Kwa hiyo mwenye kupanga ratiba ilimpasa ajue nani atawafungulia mlango saa saba za usiku, wapi wanaweza kujaza mafuta bila kutukanwa, na mji gani wasisimame kabisa. Mzazi aliyemkabidhi Gaines mwanawe alikuwa anakabidhi pia safari hizo. Hakuna ubao wa matokeo unaoonyesha kwamba basi limerudi salama.

Na mji wenyewe ulikuwa mji wa tumbaku. Wafanyakazi weusi wa viwanda vya R. J. Reynolds walikuwa wamegoma mwaka 1943 na tena 1947 kudai haki zao. Hao na jamaa zao ndio waliojaa kwenye ukumbi mdogo wa chuo. Baadaye, timu ilipoanza kuvuma, michezo ikahamishiwa ukumbi mkubwa wa mji, na wazungu wakaja nao kukaa na kushangilia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuja mzungu mmoja kijana, Billy Packer, mchezaji wa Wake Forest, chuo cha upande wa pili wa mji huo huo. Alitaka kumwona Cleo Hill, mchezaji wa Gaines, akicheza. Kutokana na ziara hizo vijana wa vyuo viwili wakaanza kucheza pamoja bila tangazo, bila tiketi, wakati sheria na desturi za jimbo zikiwatenganisha. Mambo kama hayo hayatokei katika chuo ambacho mkuu wa michezo hataki yatokee.

Huyo Cleo Hill ana kisa kinachoniuma. Alitoka Newark, New Jersey, na wengi waliomwona wanasema hakuna alichokosa kama mchezaji. Mwaka 1961 timu ya St. Louis Hawks ilimchagua katika raundi ya kwanza ya kuingia NBA. Kocha wa Hawks, Paul Seymour, alimtetea apewe nafasi katika timu iliyotawaliwa na nyota weupe, naye Seymour akafukuzwa msimu ukiwa bado mchanga. Hill alicheza msimu huo mmoja, na milango ya ligi ikafungwa. Angeweza kuishia mitaani na kinyongo chake. Badala yake akaja kuwa kocha katika Essex County College, chuo kidogo cha miaka miwili cha huko huko Newark, akafundisha kwa zaidi ya miongo miwili. Naamini alijua la kufanya kwa sababu alikuwa ameliona likifanywa kila siku na mtu aliyemheshimu.

Kilele kinachotajwa zaidi kilikuja 1967. Earl Monroe, kijana wa Philadelphia, mwaka wake wa kwanza chuoni alipata wastani wa pointi 7.1 kwa mchezo. Mwaka wa nne, 41.5. Timu ilishinda michezo 31 ikapoteza mmoja, na huko Evansville, Indiana, ikaifunga Southwest Missouri State 77 kwa 74, ikawa ya kwanza kutoka chuo cha weusi kutwaa ubingwa wa kikapu wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Ninachokitazama mimi ni ile 7.1. Leo mchezaji wa namna hiyo hangengoja. Angehama kabla ya Krismasi, na kuna watu ambao kazi yao ni kumshawishi ahame.

Baada ya ubingwa ule mambo yakageuka, na hapa ndipo ninapomheshimu Gaines kuliko popote. Vyuo vikubwa vya wazungu vilivyokuwa vimewafungia milango vijana weusi vikaanza kuwagombania. Haki aliyoitamani maisha yake yote ilipofika, ilimchukulia wachezaji. Kumpata Monroe mwingine kukawa kugumu mno kwa chuo kidogo, na misimu yake ya mwisho ilikuwa ya jasho na vipigo. Akabaki. Mwaka 1982 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu la Naismith, akarudi ofisini kwake. Mtu anayefanya kazi kwa ajili ya vikombe huondoka vikombe vinapokwisha.

Najua hoja ya upande wa pili. Mtu mmoja kushika kila ufunguo kwa karibu nusu karne kuna hatari yake. Huyo huyo kocha, huyo huyo anayesimamia bajeti. Akikosea, nani atamwambia? Vyuo vya leo vimetenganisha kazi hizo, na vimefanya vema. Lakini kuzigawanya kazi si sawa na kumtafuta mkurugenzi asiyewahi kushika timu. Tangu mwaka 2025 vyuo vikubwa vya Marekani vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kama dola milioni 20 kwa mwaka kwa chuo kimoja, na wakurugenzi wao sasa wanatafutwa kwa ujuzi wa kuchangisha fedha na kusaini mikataba ya televisheni. Nani atajua kwamba kijana wa mwaka wa kwanza hajala tangu juzi?

Nayaandika haya kwa sababu wapo vijana wetu, wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, wanaoitwa huko kila mwaka kwa urefu wao au kwa mbio zao, na mzazi akipokea barua huuliza kwanza jina la chuo kama ni kubwa. Ningemshauri asilitupe jina dogo. Ajue tu tofauti zake: vyuo vya daraja la tatu la NCAA havitoi ufadhili wa michezo, vinatoa wa masomo na wa mahitaji, vya daraja la pili kwa kawaida vinagawanya ufadhili vipande, na fungu linalobaki atalilipa mtu. Ajue pia kwamba mwanafunzi mwenye viza ya masomo amewekewa mipaka mikali ya kufanya kazi na kupata kipato, hivyo ahadi za fedha za matangazo zisimlaze usingizi.

Kisha aombe kuzungumza na mkurugenzi wa michezo mwenyewe. Amuulize wangapi kati ya wachezaji waliopokewa miaka minne iliyopita wamehitimu, ni nani analipa matibabu goti likivunjika, na mtoto anabaki wapi chuo kinapofungwa Desemba na wenzake wote wamekwenda kwao. Mkurugenzi aliyewahi kuwa kocha atajibu bila kufungua faili. Akikwepa, au akimsukumia mzazi kwa msaidizi wa mauzo, kijana abaki nyumbani amalize kidato, barua nyingine itakuja.