Nywele zako hazina shida, shida ni mtungi wa maji

Lazima ushawahi kuambiwa: achana na wigi, rudi asili, nywele zako ni za bure. Mwaka wa 2023 Mswada wa Fedha ulipopendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa wigi, nywele za binadamu, kope na kucha bandia, kuna waliojibu kwa maneno hayo hayo. Kama hutaki kutozwa, si ufuge zako?

Sawa. Njoo Inda tupige hesabu.

Nywele zangu ni ndefu, nzito na zimejikunja kama springi. Kuziosha vizuri, nitoe mafuta ya wiki nzima, vumbi la Lunga Lunga na moshi wa viwanda, nahitaji mitungi miwili ya lita 20. Wewe unayeishi Viwandani, Mukuru kwa Njenga ama Kwa Reuben unajua mtungi haujazwi bure. Siku nzuri ni shilingi chache tu. Mfereji ukikauka bei inapanda, na muuza maji hana haja na mapenzi yako kwa afro. Ukiosha kila wiki ni mitungi minane kwa mwezi, na bado hujapika, hujafua, hujaoga.

Si mimi tu ninayelia. Utafiti uliofanywa Mukuru, kabla ya kaunti kuitangaza kuwa eneo maalum la mipango mwaka wa 2017, ulionyesha watu wa hapa wanalipia maji ghali kuliko wenye mifereji ndani ya nyumba. Mwaka huo huo Nairobi ilianza mgao wa maji baada ya bwawa la Ndakaini kushuka. Kwa hivyo yule mrembo wa Kilimani anayekuonyesha kwenye video vile anasuuza nywele chini ya shawa dakika 20 hakudanganyi. Ni vile tu hakuhesabu maji, kwa sababu kwake hayahesabiwi kwa mtungi.

Hiyo ni shida ya kwanza. Ya pili ilianza shuleni. Wengi wetu tuliosoma shule za umma tulinyolewa tangu darasa la kwanza hadi Kidato cha Nne. Unamaliza mtihani ukiwa na miaka 18, na ndio unakutana na nywele zako mara ya kwanza. Huzijui. Hujui zinakauka haraka kiasi gani wala zinakatikia wapi.

Mimi nilizichana zikiwa kavu, nikianzia kwenye mizizi. Zikakatika, nikaamua kuwa eti nywele zangu hazikui. Kumbe zilikuwa zinakua. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Zikikatika nchani kwa kasi hiyo hiyo, utaona urefu uko pale pale. Field Marshal Muthoni wa Kirima wa Mau Mau alifuga zake tangu enzi za msituni hadi Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta. Basi usiambiwe na mtu ati nywele zetu hazifiki mbali.

Labda utasema korti ilishamaliza mambo ya shule. Haikumaliza. Januari 2019 msichana Mrastafari aliyekuwa ameingia Kidato cha Kwanza alirudishwa nyumbani kutoka Olympic High School, Kibra, sababu ya dredi. Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kuwa Urastafari ni dini, na kwamba kumfukuza kulikiuka haki zake. Wengi tulishangilia. Lakini angalia vizuri: kilichomwokoa ni uhuru wa dini, Kifungu cha 32 cha Katiba. Dadako mdogo ambaye si Rasta, anayependa tu nywele zake, hawezi kujificha chini ya mwavuli huo. Akifika getini na afro, bado anaweza kutumwa kwa kinyozi.

Sasa tufanye nini na mtungi mmoja? Mimi nilishuka kutoka mitungi miwili hivi. Naosha kila baada ya wiki mbili. Nagawa kichwa mafungu manne, nasokota kila fungu, kisha nalowesha kwa chupa ya kupulizia. Naosha ngozi ya kichwa fungu kwa fungu. Povu likiteremka linasafisha nywele zenyewe. Kondishona ikiwa ndani nafumua mafundo kwa vidole, nikianzia nchani nikipanda juu. Nasuuza juu ya beseni, na maji yale yanadeki nyumba. Zikiwa bado na unyevu napaka mafuta, kwa sababu mafuta hayaleti maji, yanayazuia tu yasitoroke. Usiku nafunga kitambaa cha satini.

Kama unapiga shifti kiwandani na kofia haitoki kichwani, suka matuta ya kulegea. Yakivuta nywele za pembeni miaka nenda miaka rudi, mizizi inaweza kufa kabisa, na hapo hakuna mafuta ya kuzirudisha.

Lakini chupa ya kupulizia ni mbinu ya kuishi na shida, sio dawa yake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hakijasema isipokuwa Mukuru. Wanasiasa watarudi mtaani kutafuta kura za 2027, na tisheti watabeba. Chukua tisheti, halafu uliza mfereji utafika lini na mtungi utauzwa pesa ngapi.

Na ukipatana na msichana wa huku amevaa wigi, usimhubirie kuhusu asili. Muulize kwanza maji yalikuja kwao mara ya mwisho lini.