Tuyapime mashirika ya afya kabla ya kuyaamini

Mwamba ngoma, wahenga walinena, huvutia kwake. Methali hii yafaa kuandikwa ubaoni katika kila darasa linalofunzwa kuhusu afya ya jamii. Aghalabu haupiti muhula bila ya shirika fulani kubisha langoni mwa shule, likiwa na mabango, fulana na wasemaji hodari, kuja kututahadharisha juu ya ugonjwa huu au dawa ile. Hapa Mountain View ninakoishi, vijikaratasi vya aina hiyo huwafikia watoto kabla ya wazazi wao kuviona. Swali langu kwa walimu na wanafunzi ni moja: twayaamini kwa kigezo gani?

Wengi wetu hutumia vigezo vitatu: cheo cha msemaji, heshima ya joho lake, na utamu wa wito wake. Nionavyo mimi, vyote vitatu vimewahi kutuponza.

Tuanze na cheo. Mwaka wa 1990 dawa ya Kemron, iliyotokana na utafiti wa taasisi ya serikali ya KEMRI, ilitangazwa kwa shangwe na Rais Daniel arap Moi mwenyewe kuwa silaha dhidi ya Ukimwi. Ni cheo gani kingezidi hicho? Hata hivyo, majaribio yaliyofuata hayakuona manufaa yaliyotangazwa.

Pili ni joho. Mwaka wa 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki, pamoja na chama cha madaktari Wakatoliki, walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakidungwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 ilikuwa na homoni ya kuwafanya wasizae. Kanisa hilo lina hospitali na shule tele, wala halikuwa likiuza chochote. Kuuliza hakukuwa kosa, ilikuwa haki yao. Lakini vipimo vya kwanza walivyotegemea vilifanywa kwa mitambo iliyoundwa kutambua mimba katika damu au mkojo wa binadamu, si kupima chanjo. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliyakanusha madai hayo. Ama kuhusu sababu ya kuwalenga wanawake pekee, jibu ni jepesi: kinga ya mama humfikia mtoto angali tumboni, na ndiyo humlinda kitovu chake kinapokatwa kwa wembe mchafu. Mama akiikataa sindano kwa hofu, gharama hailipwi na askofu wala daktari, bali na kitoto kichanga. Mwaka wa 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imeondoa pepopunda ya akina mama na watoto wachanga.

Tatu ni utamu wa wito. Nani atapinga ulimwengu usio na moshi? Mwaka wa 2017 uliundwa wakfu ulioitwa Foundation for a Smoke-Free World, ukiongozwa na Derek Yach, aliyewahi kuwa afisa wa ngazi ya juu katika Shirika la Afya Duniani. Mfadhili wake alikuwa kampuni ya sigara ya Philip Morris International, iliyoahidi takriban dola milioni 80 kila mwaka kwa miaka 12. Shirika la Afya Duniani likazitahadharisha serikali zisishirikiane nao. Ufadhili huo haukufichwa, na aliyeuliza alijibiwa. Lakini ni wangapi wetu huuliza?

Msomaji asidhani kwamba nayabeza mashirika yote. Mwaka wa 2001 muungano wa mashirika, Médecins Sans Frontières na ActionAid yakiwemo, ulilishinikiza Bunge letu lipitishe Sheria ya Mali ya Viwandani, iliyofungua mlango wa dawa nafuu za Ukimwi. Hoja yao ilihakikika na yeyote: linganisha bei ya dawa yenye jina la kampuni maarufu na bei ya nyingine iliyo sawa nayo.

Basi, tuwafunze wanafunzi maswali manne. Nani hulipa? Dai lenyewe limepimwa vipi, na kwa chombo kinachofaa kazi hiyo? Je, watu wasio na uhusiano na shirika hilo wamelipima tena na kupata jibu lilo hilo? Na ushahidi ukigeuka, shirika hukiri au hubadilisha wimbo tu? Swali la kwanza pekee halitoshi. Wakatoliki hawakuwa na bidhaa ya kuuza, na kosa likawa katika kipimo. Wala fedha za mfadhili hazithibitishi uongo. Hutuonyesha tu mahali pa kuchunguza zaidi.

Kuna watakaosema kuwa maswali haya yatawafanya vijana wawe wabishi, wasiamini chochote. La hasha! Asiyejua kupima ndiye hukataa yote leo, na kesho akameza yote. Anayejua kupima hukubali chanjo akijua sababu yake.

Mwalimu mwenzangu, kijikaratasi kingine kikiletwa darasani mwako, usikichane wala usikigawe upesi. Wape wanafunzi kalamu, wakisome mstari kwa mstari, na pambizoni waandike maswali hayo manne. Shirika lenye ukweli halitaudhika kuulizwa.